PS4 iliyotumika: nambari ya CUH husema zaidi ya jina

Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, anayetafuta PS4 iliyotumika, yaani konsoli ya gemu ya PlayStation 4 ya Sony, hupewa majina matatu ya kuchagua: Fat (ile nene ya kwanza), Slim (nyembamba) na Pro (yenye nguvu zaidi). Bei hupangwa kwa majina hayo, matangazo huandikwa kwa majina hayo, na mnunuzi hudhani kwamba akishachagua jina amemaliza kazi. Ukweli ni kwamba majina ni matatu lakini matoleo ni tisa, na wakati mwingine tofauti kati ya toleo la kwanza na la mwisho chini ya jina moja humgusa mtumiaji kuliko tofauti kati ya jina na jina. Pro ya mwaka 2016 na Pro ya mwaka 2018 zinafanana kwa sura na kwa nguvu, ila ya kwanza hunguruma kiasi cha kumlazimisha mchezaji aongeze sauti ya televisheni. Fat ya mwaka 2013 na Fat ya mwaka 2015 zina vitufe tofauti, uzito tofauti na, jambo ambalo wauzaji wachache hulitaja, mpangilio tofauti wa kiendeshi cha diski (sehemu inayosoma diski za gemu), ambao ndio huamua kama fundi ataweza kukitengeneza kitakapoharibika.

Kinachotenganisha matoleo hayo ni nambari ya modeli, inayoanza na herufi CUH, iliyochapwa kwenye lebo nyuma au chini ya konsoli. Ni vyema kuijua nambari hiyo kabla ya kuzungumza bei, na ni vyema zaidi kujua mahali inapoishia, kwa kuwa yako mambo mazito kuhusu kifaa kilichotumika ambayo hayaandikwi kwenye lebo yoyote.

Kuisoma lebo

Tuchukue mfano wa CUH-7216B. Tarakimu mbili za kwanza hutaja aina na toleo: 10, 11 na 12 ni Fat; 20, 21 na 22 ni Slim; 70, 71 na 72 ni Pro. Tarakimu mbili zinazofuata hutaja soko ambalo konsoli ilitengenezewa, yaani 00 kwa Japani, 15 kwa Marekani ya Kaskazini na 16 kwa Ulaya, ingawa Fat za mwanzo kabisa zilitumia tarakimu nyingine, kwa mfano 01 kwa Marekani na 03 kwa Uingereza. Herufi ya mwisho hutaja ukubwa wa diski kuu, yaani hifadhi ya ndani, iliyowekwa kiwandani: A ni gigabaiti 500 na B ni terabaiti 1. Kwa hiyo CUH-7216B ni Pro ya toleo la tatu, iliyouzwa Ulaya, yenye terabaiti moja. Muuzaji anayekataa kutuma picha ya lebo hiyo, au anayetuma picha ya boksi badala ya konsoli yenyewe, amekwisha kumpa mnunuzi habari ya kutosha.

Watu wengi huogopa konsoli ya Japani au Marekani kwa sababu ya umeme, na hofu hiyo ina asili yake, kwani PS2 nyingi za Japani zilitengenezwa kwa volti 100 na ziliungua zilipochomekwa kwenye umeme wetu. PS4 haina tatizo hilo. Lebo yake husomeka volti 100 hadi 240, na kinachohitajika ni waya wenye plagi ya pini tatu tunayoitumia Afrika Mashariki. Diski za gemu nazo husomwa na konsoli yoyote bila kujali nchi. Kinachobanwa kwa kanda ni filamu za DVD na Blu-ray, jambo ambalo siku hizi huwasumbua wachache. Aliyezoea konsoli ya Ulaya atashangazwa zaidi na kitu kidogo: katika PS4 ya Japani, kitufe cha duara ndicho cha kukubali na cha msalaba ndicho cha kurudi nyuma, kinyume cha alivyozoea, hata akibadilisha lugha ya mfumo kuwa Kiingereza.

Kanda huleta shida ya kweli kwenye akaunti. Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi anazoweza kuchagua mtu anapofungua akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony wa gemu, kwa hiyo wachezaji wa huku hufungua akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni, kama vile wahusika wapya, ramani na pointi za kununulia wachezaji wa mpira, hufuata kanda ya diski. Diski iliyotolewa kwa soko la Marekani haitakubali nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Uingereza, hata kama jina la gemu ni lilelile. Nambari inayoanza na CUSA iliyochapwa kwenye diski au kasha lake ndiyo hutofautisha matoleo ya kanda, na anayenunua konsoli pamoja na rundo la diski afanye uamuzi wa akaunti baada ya kuzitazama nambari hizo.

Fat, na kwa nini toleo la mwisho lake halifanani na la kwanza

PS4 ilianza kuuzwa Marekani tarehe 15 Novemba 2013, na za mwanzo huo bado zinazunguka sokoni. CUH-1000, na CUH-1100 iliyofuata mwaka 2014, hutambulika haraka: sehemu moja ya upande wake wa juu ni plastiki inayong'aa, na mbele haina vitufe vya kubonyeza bali sehemu mbili nyembamba za kugusa, moja ya kuwasha na nyingine ya kutoa diski. Sehemu hizo za kugusa ndizo chanzo cha ugonjwa wake maarufu. Mguu mmoja wa mpira ulio chini ya konsoli, karibu na sehemu ya kutolea diski, huvimba kadiri miaka na joto vinavyoufanyia kazi, husukuma juu, na konsoli hudhani kwamba kuna kidole kinachogusa. Matokeo yake diski hutoka yenyewe katikati ya mchezo, au konsoli hulia mlio wa kutoa diski hata kama haina diski ndani. Dawa yake si ngumu, lakini muuzaji anayeijua huondoa mguu huo, kwa hiyo mnunuzi akiona mpira mmoja haupo aulize sababu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika PS4 zote, kiendeshi cha diski kimeoanishwa na ubao mkuu kwa ufunguo wa kielektroniki, na mtu hawezi kuchukua kiendeshi cha konsoli nyingine akakichomeka kikasoma gemu. Katika CUH-1000 na CUH-1100, kibao chenye ufunguo huo kimo ndani ya kiendeshi chenyewe. Kibao hicho kikiungua au kikipotea mikononi mwa fundi asiyejua thamani yake, konsoli haitasoma diski tena, na hata kusasisha mfumo kunaweza kugoma, kwa kuwa mfumo hukitafuta kiendeshi chake wakati wa kusasisha. Kuanzia CUH-1200, elektroniki yote ya kiendeshi ilihamishiwa kwenye ubao mkuu, na kilichobaki ndani ya kiendeshi ni lenzi, mota na gia, vitu ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvibadilisha kwa vipuri vya konsoli nyingine. Kwa anayeishi mbali na mafundi wazuri, tofauti hii peke yake inatosha kumfanya aruke matoleo mawili ya kwanza.

CUH-1200 ilitoka katikati ya mwaka 2015. Ina vitufe halisi vya kubonyeza, mwili wote haung'ai, uzito umeshuka kutoka kilo 2.8 hadi 2.5, na kiwango cha juu cha umeme kilichoandikwa na mtengenezaji kimeshuka kutoka wati 250 hadi 230. Kwa nguvu ya kuchezesha gemu haina tofauti yoyote na ndugu zake wakubwa. Ikiwa bajeti inaruhusu Fat tu, ya kutafuta ni hii, na wauzaji wengi huiuza kwa bei ileile ya CUH-1000 kwa sababu hawazitofautishi.

Slim

Slim iliingia sokoni Septemba 2016, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafaa wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki, ingawa ndiyo isiyo na mengi ya kusimulia. Nguvu yake ni ileile ya Fat: picha ya 1080p, kumbukumbu ya gigabaiti 8, gemu zilezile kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni chipu, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya baadaye inayokula umeme kidogo na kutoa joto kidogo. Kiwango cha juu cha lebo ni wati 165 na uzito ni kilo 2.1. Ina Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 5, ambayo Fat haina, na anayeishi katika jengo la ghorofa ambamo kila jirani ana ruta yake atauona umuhimu wake siku ya kwanza ya kucheza mtandaoni.

Tofauti ya umeme huonekana zaidi kwenye vibanda vya gemu. Mwenye kibanda chenye konsoli nne zinazofanya kazi saa 10 kwa siku, akilinganisha viwango vya juu vya lebo vya Fat ya mwanzo na Slim, atakuta tofauti ya wati 85 kwa kila konsoli, yaani uniti 3.4 kwa siku kwa zote nne. Matumizi halisi huwa chini ya lebo kwa konsoli zote mbili, lakini mwelekeo ni uleule, na joto linalopungua hewani katika chumba cha mabati ni faida nyingine ambayo mita ya LUKU haiwezi kuihesabu.

Slim ilinyang'anywa kitu kimoja: tundu la kutolea sauti kwa waya wa optiko. Mwenye sabufa au hom thieta ya zamani inayopokea sauti kwa waya huo atalazimika kupitisha sauti kwenye televisheni. Kwa wengine wote tundu hilo halina maana. Matoleo ya Slim, yaani 2000, 2100 na 2200, yanatofautiana kidogo mno, na sioni sababu ya mnunuzi kulipa zaidi kwa ajili ya moja kati yake. Hapa hali ya kifaa ndiyo iamue.

Pro: nani hasa anaihitaji?

Pro ilitoka tarehe 10 Novemba 2016. Sehemu yake ya michoro ina nguvu zaidi ya mara mbili ya PS4 ya kawaida, yaani terafulopu 4.2 dhidi ya 1.84, na kichakataji chake hukimbia kwa gigahezi 2.1 badala ya 1.6. Ina diski kuu ya terabaiti 1, tundu la tatu la USB nyuma, tundu la optiko, na hutoa picha ya 4K. Kwenye karatasi ni ushindi wa wazi, na bei yake hufuata karatasi hiyo.

Hata hivyo swali la kwanza kabla ya kuilipia ni la televisheni. Mwenye televisheni ya HD ya inchi 32 hatapata picha ya 4K. Atapata kingo laini zaidi za picha katika baadhi ya gemu, kwa sababu Pro inaweza kuchora picha kubwa na kuipunguza, na atapata kasi iliyotulia zaidi pale ambapo waandaaji wa gemu waliweka chaguo hilo. God of War ya mwaka 2018, kwa mfano, humruhusu mwenye Pro kuchagua kati ya ubora wa picha na kasi. HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, si sababu ya kununua Pro, maana PS4 zote, hata ile ya mwaka 2013, zilipewa HDR kwa toleo la mfumo 4.00 la Septemba 2016. Wala mtu asinunue Pro kwa ajili ya filamu za diski za 4K, kwa kuwa kiendeshi chake hakizisomi.

Swali la pili ni la aina ya gemu. Anayecheza mpira peke yake, iwe FIFA za miaka iliyopita au EA Sports FC zilizofuata, hupata fremu 60 kwa sekunde kwenye PS4 yoyote, na Pro humuongezea ukali wa picha tu. Anayependa gemu kubwa za dunia wazi za miaka ya mwisho ya PS4 yuko katika hali tofauti. Mfano unaokumbukwa ni Cyberpunk 2077, ambayo ilitoka Desemba 2020 ikiwa katika hali mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni siku chache baadaye, na ilipoirudisha Juni 2021 ilitoa tahadhari kwamba toleo la PS4 lingeendelea kuwa na matatizo na kupendekeza PS4 Pro au PS5. Gemu za namna hiyo ndizo zinazohalalisha bei ya Pro.

Aliyekwisha kuamua kwamba anaitaka anapaswa kuchagua toleo, na hapa tofauti ni kubwa. CUH-7000, iliyoandikwa wati 310, ndiyo yenye kelele zaidi katika ukoo wote wa PS4, na CUH-7100 ya mwaka 2017 haikuwa na nafuu ya kusimulia. CUH-7200 ya mwaka 2018 ilipunguza kelele kwa kiasi kinachosikika wazi. Kuitambua hakuhitaji hata kusoma lebo: matoleo mawili ya kwanza hutumia waya mnene wa umeme wa aina inayotumika kwenye kompyuta za mezani, na 7200 hutumia waya mwembamba wenye tundu la umbo la nambari 8, uleule wa Slim na Fat. Picha ya mgongo wa konsoli inatosha. Kwa joto la pwani, ambako chumba chenyewe kinaweza kuwa na nyuzi 32 kabla hata konsoli haijawashwa, ningemshauri mtu achukue Slim nzuri kuliko CUH-7000 iliyochoka, hata kama bei zimelingana.

Yasiyoandikwa kwenye lebo

Kati ya chipu kuu na bamba la kupooza kuna pesti inayopitisha joto, ambayo hukauka kwa miaka. Ikikauka, feni huongeza kasi kufidia, na konsoli ambayo ilipaswa kunong'ona huanza kunguruma dakika chache baada ya gemu kuanza. Kwa sababu hiyo jaribio la dukani la kuwasha, kuonyesha menyu na kuzima halina thamani yoyote. Konsoli ichezeshwe gemu nzito kwa nusu saa au zaidi, mnunuzi akisikiliza feni na kutazama kama picha inakatika au kifaa kinazimika chenyewe. Feni inayonguruma si lazima iwe sababu ya kukataa, maana kusafisha vumbi na kubadilisha pesti ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua, lakini ni sababu halali ya kushusha bei. Kuzimika kwenyewe ni jambo jingine, na hapo mnunuzi aondoke.

Mende nao wasidharauliwe. Hupenda joto na giza, na ndani ya PS4 kuna vyote viwili, hasa kwenye sehemu ya kubadilishia umeme. Tochi ya simu ikimulikwa kwenye matundu ya nyuma huonyesha mengi, na harufu husema yaliyobaki. Konsoli iliyotoka kwenye kibanda cha gemu imechezwa kwa saa nyingi kwa siku, mara nyingi bila kifaa cha kulinda umeme, na kila umeme ulipokatika ghafla diski kuu ilikatizwa katikati ya kuandika. Dalili ni konsoli kuchelewa sana kuwaka, au kusimama kila mara ikikagua hifadhi. Habari njema ni kwamba diski kuu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilishwa: ni ya inchi 2.5, unene usiozidi milimita 9.5, aina ileile ya kompyuta mpakato, na mwongozo wa Sony wenyewe huruhusu mtumiaji kuibadilisha.

Kwa sababu hiyo pia, tofauti ya gigabaiti 500 na terabaiti 1 isipewe uzito mkubwa katika bei. Ni kweli kwamba katika gigabaiti 500 hubaki takriban 400 za kutumia, na kwamba gemu kama Red Dead Redemption 2, iliyouzwa kwa diski mbili, humeza kipande kikubwa cha nafasi hiyo. Lakini tangu toleo la mfumo 4.50 la Machi 2017, PS4 yoyote hukubali diski ya nje ya USB 3.0 hadi terabaiti 8. Diski ya nje inaweza kuhamia konsoli nyingine kesho, na konsoli yenye kiendeshi kibovu haiwezi kuponywa kwa terabaiti.

Tundu la HDMI lichomekwe na kutikiswa kidogo. Picha ikikatika, tundu limelegea au limewahi kuchomelewa upya. Padi ikaguliwe kwa kuachia vijiti bila kuvigusa ndani ya gemu, kuona kama mchezaji anatembea mwenyewe. Padi za bandia zimejaa sokoni, na nyingi hufanya kazi vizuri kwa miezi michache, kwa hiyo konsoli ya bei nzuri yenye padi mbili za bandia ihesabiwe kama konsoli isiyo na padi.

Liko jambo jingine la ndani ambalo kwa miaka mingi halikujulikana. Kwenye ubao mkuu kuna betri ndogo ya CR2032 inayoendesha saa ya ndani. Zamani, betri hiyo ikiisha na konsoli ikakosa kuunganishwa na mtandao wa PlayStation kuthibitisha saa, ilikataa kucheza gemu, hata zile za diski. Toleo la mfumo 9.00 la Septemba 2021 liliondoa kikwazo hicho kimyakimya. Nambari ya toleo huonekana kwenye mipangilio, katika habari za mfumo, na konsoli iliyo chini ya 9.00 haina sababu njema ya kubaki hapo.

Sababu isiyo njema ipo, na ndiyo inayofanya baadhi ya wauzaji waombe bei ya juu kwa mfumo wa zamani. Matoleo fulani ya mfumo, yakiwemo 9.00 na 11.00, yaligunduliwa kuwa na mianya inayowezesha konsoli kufunguliwa na kujazwa gemu zisizolipiwa. Mnunuzi ataambiwa kwamba amepata gemu 30 za bure. Hataambiwa kwamba hawezi kusasisha mfumo bila kuzipoteza, kwamba gemu mpya zinazodai mfumo wa juu zitagoma, na kwamba konsoli iliyowahi kuingia mtandaoni katika hali hiyo inaweza kuwa imefungiwa na Sony moja kwa moja, adhabu inayokaa kwenye kifaa na si kwenye akaunti. Anayekusudia kucheza na rafiki zake mtandaoni aiunganishe konsoli na intaneti ya simu yake palepale dukani, aingie kwa akaunti yake mwenyewe, na aone kama inakubali. Jaribio hilo halichukui dakika tano. Kwa gemu nyingi za kulipia, kucheza na wengine mtandaoni kutadai pia usajili wa PlayStation Plus. Gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazidai.

Umri wa PS4 kwa ujumla nao uingie katika hesabu. Zaidi ya konsoli milioni 117 za aina hii ziliuzwa duniani, vipuri na diski vipo kwa wingi, na EA Sports bado iliiletea mpira wake mwaka 2024. Lakini gemu kubwa mpya zimekwisha kuipa kisogo. GTA VI ilitangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake. Kwa hiyo diski ni ununuzi wa busara kuliko gemu za kupakua kwa akaunti ya mtu mwingine, kwani karibu diski zote za PS4 husomwa na PS5 yenye kiendeshi.

Na hapo ndipo penye mtego unaowanasa watu wengi kuliko kelele za feni. Tangazo likisema konsoli ina gemu kumi ndani bila diski, mara nyingi gemu hizo ni za akaunti ya muuzaji, aliyeiteua konsoli hiyo kuwa PS4 yake kuu. Uteuzi huo huruhusu mtumiaji yeyote wa konsoli hiyo kuzicheza, na mnunuzi huzikuta zikifanya kazi vizuri. Mwenye akaunti, hata akiwa mji mwingine, anaweza kuufuta uteuzi huo kupitia mtandao, jambo linaloruhusiwa mara moja kila miezi sita, na gemu zote hupata alama ya kufuli siku hiyohiyo. Wapo wanaouza akaunti moja kwa watu kadhaa. Gemu za namna hiyo zihesabiwe kuwa hazina thamani wakati wa kupatana bei, na kabla ya fedha kutoka mfukoni muuzaji aingie kwenye mipangilio, katika usimamizi wa akaunti, aondoe uteuzi wa PS4 kuu, kisha afute kila kitu kwa kuirudisha konsoli katika hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi. Muuzaji wa haki hana cha kupoteza kwa kufanya hivyo, kwani akaunti na gemu zake atabaki nazo. Anayesema kwamba kufanya hivyo kutaharibu konsoli anauza kitu ambacho si chake, au anakusudia kukirudia.